Mtoto Aliyesikia Dhahabu

Mwezi uliopita nilikaa kwenye benchi la hospitali moja ya Mwanza, nimempakata mjukuu wangu ambaye hata kitovu kilikuwa hakijadondoka, huku binti mmoja aliyevaa koti jeupe akimtia sikioni kizibo kidogo cha mpira chenye waya ulioingia kwenye mashine ya kushika mkononi. Mwanangu Musa alisimama nyuma ya yule binti akichungulia kioo cha mashine. Musa ni kiziwi, na mkewe Rehema, aliyekuwa bado amelala wodini, ni kiziwi pia, ndiyo maana walitaka mtoto apimwe mapema. Yule binti alinieleza kwa upole kwamba mashine hutoa sauti fupi fupi, tik, tik, tik, na kwamba sikio zima likipigwa hivyo halikai kimya. Kule ndani kabisa, kwenye kichumba cha maji, sikio hutikisika na kurudisha kasauti kake lenyewe, kadogo kiasi kwamba hakuna binadamu anayeweza kukasikia isipokuwa hiyo mashine. "Kwa hiyo bibi," alisema, "hatumuulizi mtoto. Tunaliuliza sikio." Musa alinigusa bega, akaniuliza kwa mikono: na mimi mlinipima hivi? Nikatikisa kichwa. Akauliza tena: sasa mlijuaje? Nikajifanya naangalia kama mtoto amelowa. Musa ana mvi za kutosha kwenye ndevu, na swali hilo nimemkwepa nalo tangu alipojifunza kuuliza.

Sikumkwepa kwa sababu jibu ni refu. Nilimkwepa kwa haya. Kuna mwaka mmoja wa maisha yangu ambao nikiukumbuka hadi leo masikio yananiwaka moto, hata nikiwa peke yangu jikoni nachambua mchele. Ni ule mwaka tuliotoka Shinyanga mjini, mimi na Baba Musa, tukaenda kujaribu bahati machimboni upande wa Geita. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati sukari ilipatikana kwa foleni na sabuni ya mche ilikatwa vipande vyembamba na kufungwa ndani ya kitambaa kama dawa. Chumba chetu kilikuwa cha miti na nyasi, kimekandikwa udongo upande mmoja tu, ule unaopokea mvua. Pande nyingine tulisikia kila kitu: nani amepika nini, nani amegombana na mkewe, nani anakohoa. Tulilala chini kwenye mkeka, na chini ya mkeka ilikuwa ardhi tupu, iliyoshindiliwa na miguu hadi ikawa ngumu kama sakafu ya saruji. Nitairudia hiyo ardhi, maana ndiyo iliyonidanganya.

Baba Musa alishuka kwenye duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao, na mimi nilitwanga mawe. Siku hizi kuna mashine za karasha, lakini wakati ule tulitumia kinu cha chuma kilichokatwa kwenye bomba nene na mchi uliotokana na ekseli ya lori. Unatia jiwe, unapiga mpaka liwe unga, unga unapelekwa kwenye maji, unazungushwa kwenye karai, na ukijaliwa unabaki mkia mwembamba wa njano pembeni. Kinu nilichotwangia kilikuwa cha jirani yangu Mama Shija, mwanamke wa Kisukuma mwenye mikono mirefu na maneno mengi, ambaye alinifundisha kupumua kwa kufuata mchi ili nisichoke haraka. Nilitwanga nikiwa na mimba. Nilitwanga hadi tumbo likanizuia kuinama. Musa alizaliwa mvua zikiwa zimekolea, na arobaini yake ilipotimia nikarudi kwenye kinu, yeye nikamlaza kwenye mkeka kando yangu, kwenye ardhi ile ile.

Alikuwa mtoto mtulivu, na mimi utulivu ule niliuvaa kama kanga mpya. Baruti zilipolipuliwa mashimoni, watoto wa kambi nzima walilia kwa pamoja, mama zao wakawa wanakimbia huku na huku kuwanyonyesha. Musa wangu alifumbua macho makubwa, akatabasamu, akatulia. Wachimbaji walipita wakisema, "Huyu mwenzetu huyu. Huyu kazaliwa na baruti." Mwanamke mmoja, akiwa na mwanawe anayelia mgongoni, aliniuliza nampa nini mtoto hata hashtuki. Nikamjibu kwa sauti ya kusikika na wote, "Wangu hana tabia hiyo." Nilisema hivyo huku nikiutikisa mchi mkononi kama mtu aliyemaliza mjadala. Kila nikilikumbuka jibu hilo natamani kumtafuta yule mwanamke nimwombe radhi, lakini hata jina lake silijui.

Mama Shija ndiye aliyeona jambo la pili. Musa alikuwa ameanza kukaa bila kuegemezwa, anakaa kwenye mkeka akikitazama kinu. Kuna mawe yakipigwa alikaa tu, ananyonya vidole. Mengine, mchi ukigonga mara ya kwanza tu, alicheka kicheko cha tumboni, mwili mzima ukitikisika. Siku moja Mama Shija alisimamisha mchi hewani, akamtazama, akapiga tena. Musa akacheka. "Mayu," aliniambia, neno ambalo Wasukuma humwitia mama kwa heshima, "huyu ng'wana anacheka jiwe lenye kitu." Nikamwambia aache utani. Tukaenda kuosha unga wa jiwe lile, na mkia wa njano ukajitokeza kwenye karai, mzuri wa kuonyesha mtu. Kesho yake ikawa vile vile. Baada ya hapo hatukuongea tena kwa utani.

Sasa hivi naweza kueleza bila shida. Jiwe lililokuwa na dhahabu pale kwetu lilikuwa jeupe na gumu, likipigwa linapiga nalo, kishindo kifupi kinachoshuka ardhini mara moja. Jiwe jekundu, laini, linaumeza mchi, ardhi haipati kitu. Mtoto aliyekaa chini alikipata kishindo makalioni na kwenye mifupa yake, akakifurahia. Lakini wakati ule nani angewaza hivyo? Habari zilienea mashimo yote. Mtu akitoa jiwe ambalo hana hakika nalo, kabla ya kuhangaika na gunia zima alileta vipande vichache, sampo kama walivyoziita, viguswe kwa mchi mbele ya Musa. Wanaume wazima, wamejaa vumbi hadi kwenye kope, walichuchumaa mbele ya mtoto asiyejua kutambaa, wakamtazama mdomo. Akicheka, walirudi mashimoni mbio. Asipocheka walisonya, lakini kwa adabu, wasije wakamuudhi. Na mara nyingi mno ilikuwa kweli.

Nilikula matunda yake. Walituletea sukari iliyofungwa kwenye gazeti, vipande vya sabuni, samaki mkavu, siku moja hata chupa ya mafuta ya nazi ambayo sijui ilitoka wapi. Kisimani wanawake walinipisha. Baba Musa, ambaye kabla ya hapo hakuwa mtu wa kusikilizwa, alipata wageni wa kula nao. Wakikaa kwenye sinia la ugali wa muhogo na dagaa, yeye ndiye aliyeulizwa maoni kuhusu shimo lipi lichimbwe, na mimi niliyekuwa nyuma ya ukuta wa nyasi nikikoroga matobolwa ya Mama Shija, viazi vikavu vilivyopikwa na karanga, nilimsikia akisema, "Kijana wangu anasikia yaliyomo ndani ya jiwe." Nilifurahi hadi nikaunguza chungu. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kubwa kuliko hiyo, na hilo ndilo linalonichoma.

Maana kulikuwa na mambo mengine, na mimi nilikuwepo. Nilimwita kwa jina akiwa amenipa mgongo, hakugeuka, nikasema kiburi cha baba yake hicho. Asubuhi moja nilikuwa nimemwinua, amejilaza begani kwangu nusu usingizini, mfuniko wa sufuria ukaniponyoka ukagonga mawe ya jikoni hadi mbwa wakabweka. Musa hakutikisika. Niliganda kidogo, nikamtazama usoni, kisha nikauokota mfuniko nikaanza kuosha vyombo. Sikumwambia mtu, na hata mimi mwenyewe sikujiambia vizuri.

Aliyelifunua jambo lile alilifunua kwa wema. Mzee Hamisi alikuwa mnunuzi wa dhahabu aliyetokea Katoro, mtu wa kanzu safi na maneno ya taratibu, mjukuu wa watu wa pwani waliofuata biashara bara. Alikuja na gari lake na vipande vya jiwe kutoka shimo alilotaka kuingia ubia. Alikuwa amesikia habari za Musa na alitaka kushuhudia mwenyewe. Watu walijaa, wengine wakapanda kwenye kifusi wapate kuona. Nilimvalisha Musa shati la kitambaa cheupe nililomshonea kwa mkono, nikamkalisha kwenye mkeka wake. Mzee Hamisi alimtazama, akatazama vumbi, akaonekana kuumia.

"Mama Musa, mwanangu," alisema, "mtoto mwenye kazi kubwa namna hii mnamkalisha chini?"

"Amezoea, mzee wangu," nikamjibu.

"Si vizuri. Leteni godoro langu garini."

Godoro la sponji wakati ule lilikuwa kitu cha kusimuliwa. Likaletwa, jipya, maua ya bluu, likakunjwa mara mbili ili mheshimiwa akae juu. Nilimbeba mwanangu nikamweka katikati ya maua yale na kuinua kichwa kuangalia kama yule mwanamke wa mtoto mliaji yupo. Alikuwepo.

Mama Shija akatia jiwe, jeupe, gumu. Akapiga. Musa alikuwa amegundua uzi uliochomoza kwenye mshono wa godoro, anauvuta. Mama Shija akapiga tena kwa nguvu. Musa akautia uzi mdomoni. Mtu akasema jiwe halina kitu. Mwingine akasema lenyewe unaliona lilivyo, halikosi kitu, mtoto anaona aibu kwa mgeni. Wakabadilisha jiwe, wakaleta lile lililokuwa limethibitishwa jana yake, ambalo Musa mwenyewe alikuwa amelicheka. Likapigwa. Hakuna. Kijana mmoja mwenye nguvu akaunyakua mchi, akakisogeza kinu nyuma ya kisogo cha mwanangu, akapiga hadi mimi nikaziba masikio. Musa aliendelea na uzi wake, ametulia, mate yanamchuruzika kwenye shati jeupe. Mama Shija alimchukua kwapani, akamshusha kwenye ardhi tupu, akamwashiria yule kijana apige. Musa akacheka. Akampandisha kwenye godoro. Kimya. Akamshusha. Akacheka. Alifanya hivyo polepole, bila kumtazama mtu, kama anayejaribu ufunguo ambao anajua hautafungua. Halafu akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, ili wote waelewe, "Huyu mtoto hasikii. Anahisi tu."

Hakuna aliyenicheka. Laiti wangecheka. Wanaume walivaa kofia zao wakaondoka mmoja mmoja, wengine wakinipitia karibu kabisa bila kunitazama. Mzee Hamisi alinong'ona pole, mara kadhaa, akasema godoro libaki kwa mtoto. Nikakataa, akaliacha hivyo hivyo. Na mimi, badala ya kumshika mwanangu, nilishika mkeka. Niliukung'uta, nikaukunja, nikaukung'uta tena. Musa alikuwa amekaa peke yake kwenye vumbi akingoja mchi, anamtazama kila anayepita, na uso wake ulikuwa bado wa mtu anayetarajia kufurahishwa.

Kicheko kilikuja baadaye, kupitia kuta za nyasi. Nilikuwa bafuni, yaani nyuma ya gunia lililotundikwa, nikawasikia wanawake wakichota maji. Mmoja alisema wanaume wetu wamekuwa wakiongozwa na kiziwi, wakaangua kicheko. Mwingine alisema taratibu, "Lakini na yeye alitwanga na mimba hadi siku ya mwisho. Mtoto alikuwa anapigwa nyundo tumboni, atasikiaje?" Pale hakuna aliyecheka. Nilikaa na maji yaliyopoa hadi walipoondoka. Jioni Baba Musa alisukuma sahani ya ugali, akauliza, "Ulikuwa unajua?" Nikasema sikuwa najua. Akasema na yeye hakuwa anajua. Tulikaa tumetazamana kwa muda, kila mmoja akijua mwenzake anasema uongo wa kiasi gani.

Mama Shija hakunikimbia. Alikuja akiwa amejifunga kitenge cha safari, akasema, "Mimi ndiye niliyempa kazi, mimi ndiye nitakayempeleka." Tulipanda lori la pamba hadi misheni upande wa Ushirombo, kwenye zahanati yenye ukuta mpana na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Sista mmoja mzee, Msumbwa wa hapo hapo, alinikalisha kwenye kiti, Musa mapajani mwangu, akamwagiza Mama Shija asimame mbele amchezeshe kwa funguo zisizolia. Yeye akaenda nyuma. Mkononi alikuwa na kalamu ya kubonyeza. Tik. Kisauti kidogo tu. Nilikisikia kikipita kando ya sikio langu, na nilijua kwamba mtoto yeyote mwingine wa kambini angegeuka kuona ni mdudu gani. Tik, upande wa pili. Tik, karibu kabisa. Musa alikuwa anacheka na Mama Shija.

Sista alinieleza, na sijasahau, maana hakuna mtu aliyekuwa amenieleza kitu kwa muda mrefu. Alisema ndani ya kichwa, nyuma ya sikio tunaloliona, kuna kijumba kama cha konokono, kimejaa maji. Sauti ikigonga mlangoni maji yanasukumwa, na ngozi nyembamba iliyotandazwa humo ndani inatikisika. Sauti kali zinaitikisa karibu na mlango, zile nzito zinasafiri hadi mwisho. Ndiyo maana alitumia kalamu: mlio mfupi namna ile umebeba kali na nzito kwa pamoja, unaitikisa ngozi yote kwa mara moja, kisha inatulia. Juu ya ngozi hiyo kuna vinywele, na vinywele ndivyo vinavyopeleka habari. Nilimwelewa kuliko alivyotegemea. Nilikuwa nimeshika karai mwaka mzima. Unaligonga ukingoni kwa kiganja, pa, na mchanga wote unajipanga wenyewe, mzito huku, mwepesi kule, kwa kofi moja. "Kwa huyu," alisema Sista, "maji yapo na ngozi ipo, lakini nadhani vinywele vimekufa."

"Ni kinu?" nilimuuliza. Mama Shija aliinamisha uso.

Sista alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, na siku ile nilitamani asiwe mkweli. "Huenda ni homa, huenda ni dawa, huenda alikuja hivyo," alisema. "Hatujui, mama."

Nimeishi na hilo "hatujui" kwa muda mrefu kuliko nilivyoishi na mume wangu, Mungu amrehemu. Mwaka ule haukuisha kabla hatujarudi Shinyanga, na godoro tukarudi nalo, maana Baba Musa alisema si kosa la godoro. Musa alilalia maua yale hadi yakafutika. Akaenda shule ya viziwi, akampata Rehema, akawa fundi. Anatengeneza mashine za karasha huko Katoro, na wenye mashine wanampigia magoti kwa sababu anaweka kiganja tu kwenye bodi ya mashine na kukuonyesha kifaa kinachokufa kabla hakijafa. Watu wakinisifia kwa ajili yake huwa nabadilisha mazungumzo. Nilishawahi kusifiwa kwa ajili yake.

Basi kule Mwanza yule binti akatoa kizibo, akasema, "Yamejibu, bibi. Yote mawili." Nami nikainua uso na kusema Alhamdulillahi, kwa sauti, meno yote nje. Niliposhusha macho Musa alikuwa ananitazama. Hakuwa anatazama mashine. Alikuwa anaangalia uso wangu, kwa makini yale yale anayoitazamia mitambo, na nikajua amesoma kila kitu kilichoandikwa pale: jinsi nilivyokuwa nimeomba, na nilivyoomba mtoto asiwe kama nani. Nilitamani sakafu inimeze. Nilimlaza mtoto kwenye godoro la kitanda cha kupimia, ili mikono yangu iwe huru, na nikamjibu swali lake. Nilimweleza kinu, mkeka, wanaume waliochuchumaa, sukari kwenye gazeti, maua ya bluu. Nilimweleza kuwa nilishika mkeka badala ya kumshika yeye. Mara mbili alinishika kifundo nirudie.

Alimtazama mtoto pale kwenye godoro. Kisha akauliza: na dhahabu, ilikuwemo?

Nikamwambia mara nyingi ilikuwemo.

Alicheka, kile kile kicheko cha tumboni. "Basi nilikuwa nasikia," alisema kwa mikono, na akamwinua binti yake kutoka kwenye godoro.